Joto la Saruji na Swali la Sababu

Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alidai kwamba jicho linaloona pamba ikiungua kwenye moto huona mambo mawili yakiandamana, wala halioni kwamba moto ndio uliounguza. Hoja hiyo ingali na uzito kwa kila msingi wa zege unaomwagwa Ipole, wilayani Sikonge, kwa saruji kama ile ya Mbeya, ambako kiwanda cha Songwe huchanganya klinka, yaani mawe ya chokaa na udongo yaliyochomwa hadi takriban nyuzi 1,450, na pozolana, ambayo ni mawe au majivu ya volkano.

Saruji ikikutana na maji hutoa joto. Madini makuu ya klinka hutoa jouli zipatazo 500 kwa gramu, nayo pozolana hungoja chokaa inayozaliwa humo, ndipo iungane nayo polepole kwa wiki na miezi. Mtaalamu hupima joto hilo kwa kalorimeta, kisha hutunga modeli, yaani milinganyo ya kulitabiri.

Tatizo ni kwamba kalorimeta hutoa jumla moja tu. Chembe za pozolana, hata zikiwa hazijaungana na chochote, huipa klinka nafasi zaidi za kuoteshea mazao yake, hivyo klinka huharakishwa, na joto lililoongezeka hudhaniwa kuwa la pozolana. Modeli mbili zenye maelezo yanayopingana zinaweza kuufuata mchoro uleule wa joto kwa usahihi uleule.

Wapo wanaosema kwamba utabiri unatosha. Ingekuwa hivyo kama zege lingebaki maabara. Lakini kitovu cha msingi mnene kikipita nyuzi 70 hivi, huenda zege likavimba na kupasuka miaka mingi baadaye, na modeli iliyokosea sababu haiaminiki nje ya hali ilimopimwa. Ushahidi wa pili upo, na ni mzuri ajabu: pozolana inayofanya kazi hula chokaa, ilhali klinka inayoharakishwa huiongeza, kwa hiyo kupima chokaa iliyobaki hutenganisha kile ambacho joto peke yake limekichanganya. Modeli ambayo haijapita kipimo hicho haistahili kuamua unene wa nguzo ya daraja ambalo watu watalivuka.