Mtoto Aliyekata Tamaa: Daktari au Askari?

Liko swali ambalo wengi wetu hulikwepa, nasi yatupasa kulitazama bila woga. Kijana akijaribu kujiua akaokoka, tumpeleke kwa nani? Kwa daktari, au kwa askari?

Swali hili si la kubuni. Shirika la Afya Duniani latuambia kwamba nusu ya magonjwa ya akili huanza kufikia umri wa miaka 18, na mengi hayatambuliwi wala kutibiwa. Tena kujiua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29. Hao ni watoto wetu wa shule na wa kwaya.

Hapa Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema kwamba kujaribu kujiua ni kosa, na mtu aliweza kufungwa hadi miaka miwili. Sheria hiyo ililetwa na Waingereza. Lakini kwao wenyewe mambo yalibadilika. Mwaka 1958 Askofu Mkuu wa Canterbury aliunda kamati ya kulichunguza jambo hili, na mwaka 1959 kamati hiyo ilishauri kwamba kujaribu kujiua kusiwe tena jinai. Kumbukeni kwamba ni Kanisa lilelile ambalo Kitabu chake cha Sala cha 1662 kilikataza ibada ya maziko isisomwe kwa aliyejiua. Mwaka 1961 Bunge la Uingereza likalifuta kosa hilo katika England na Wales.

Kenya ikapata uhuru mwaka 1963, na sheria ikabaki. Wenye mzigo walikwisha kuutua, nasi tukaendelea kuubeba, hata Januari 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu hicho chavunja Katiba. Sri Lanka ilikuwa imefuta sheria ya namna hiyo mwaka 1998, na Ghana mwaka 2023.

Wako ndugu wanaosema, "Mkiondoa adhabu, mwawaambia vijana kwamba kujiua si kitu." Twawaheshimu, kwa maana wanatetea uhai. Lakini dhambi na jinai si jambo moja. Choyo na husuda ni dhambi, wala hatumfungi mtu kwa ajili yake. Tena aliyechoka kuishi haiogopi jela. Anayeiogopa ni mama yake. Kwa hofu hiyo humwambia muuguzi kwamba mtoto alikosea dawa. Basi mtoto hutibiwa tumbo, moyo wake ukaachwa, akarudi nyumbani na uchungu uleule.

Mtazameni Eliya chini ya mretemu. Nabii mkubwa aliomba kufa. Mungu hakumfungulia mashtaka. Alimpa usingizi, mkate na maji, na baadaye kazi na mwenzake wa kumsaidia. Kwanza alitunzwa, ndipo akaulizwa.

Hata hivyo, kufuta kifungu hakutoshi. Sri Lanka yatufundisha jambo la pili. Serikali yake ilipiga marufuku, moja baada ya nyingine, dawa za shambani zenye sumu kali zaidi, na tangu miaka ya 1990 kiwango cha watu wanaojiua kikapungua kwa zaidi ya nusu. Kwa nini? Kwa sababu tamaa ya kufa mara nyingi huja kama wimbi. Mtu akikosa sumu karibu naye saa ile, wimbi hupita, naye huishi. Basi nchi ikitaka kuwahifadhi vijana wake, haina budi kufanya mambo matatu: kuondoa hofu ya polisi, kuondoa sumu, na kuweka shuleni na zahanati mtu aliyefundishwa kusikiliza.

La kwanza limekwisha kuamuliwa mahakamani. La pili na la tatu lahitaji fedha, nasi tuna haki ya kuwauliza wabunge wetu zimetengwa kiasi gani. Lakini swali la nyumbani ni letu wenyewe. Mahakama yaweza kumwondolea kijana pingu. Haiwezi kumwondolea minong'ono ya jirani. Kijana akirudi kutoka hospitali, na aikute nafasi yake kwenye benchi la kanisa, na mtu wa kumwambia, "Karibu, mwanangu, tulikungoja."