ADABU NI DENI LA NANI?



Mtu mzima mwenye usonji afika kwenye dirisha la malipo. Hasalimu, hamtazami karani usoni, tena auliza neno lile lile mara tatu. Karani amkaripia: "Huna adabu!" Je, ni nani hapo aliyekosa adabu?

Daktari Leo Kanner alipoeleza usonji mwaka 1943 huko Marekani, aliandika habari za watoto 11. Lakini watoto hukua, na usonji hauwaachi. Mtoto twamvumilia, mtu mzima twamwita mwenye kiburi. Kumbe kwa wengi wao kumtazama mtu machoni ni kazi nzito, na kelele za foleni huwapotezea maneno.

Naye aliyekaripiwa afanyeje? Aweza kuandika haja yake kwenye karatasi, kuja saa ambazo watu ni wachache, au kuomba ahudumiwe na karani mwingine. Hiyo ni busara yake, wala si sharti la kuheshimiwa. Aliyeshika haja ya mwenzake ndiye mwenye nguvu, na deni la adabu huanzia kwake. Basi, tunaokaa nyuma ya madirisha hayo, tujibu kwa upole hata tusiposalimiwa.