Fahari ya Nyumba na Mfereji wa Mtaa

Twawauliza ndugu zetu wa Pwani swali tulilotiwa moyoni na mahindi ya Kitale. Mavuno yaanzayo Oktoba yakiuzwa, fedha huwafikia wengi kwa msimu mmoja. Huyu akinunua viti vipya, vya jirani, vilivyokuwa vizuri jana, leo vyaonekana vikuukuu, naye hununua. Wote wawili wametoa fedha, wala hapana aliyempita mwenziwe. Na mfereji upitao mbele ya nyumba zao ungali umeziba.

Wako wasemao kwamba kila mtu yu huru na mali yake. Mali ni yake, kweli. Lakini fahari yake yamtoza jirani. Kwa hiyo kodi iwashikayo wote kwa kadiri zao haiumizi kama idhaniwavyo: daraja zao zabaki zile zile, na mfereji wapatikana. Ajinyimaye peke yake ndiye huonekana fukara.

Bungoma, jando la Wabukusu hufanywa Agosti ya miaka ya shufwa, kama 2022 na 2024, na karamu zake hupimwa kwa macho. Tusiwacheke, arusi zetu je? Sura ya At-Takathur, inayokemea kushindana kwa wingi, twawasomesha watoto chuoni.

Tutajibiwa kwamba harambee, tangu 1963, yageuza mashindano hayo kuwa heri, kwani majina na viwango husomwa hadharani. Ni kweli kwa kadiri: madarasa yamejengwa. Bali watu hushindania kionekanacho. Azibuaye mfereji mwaka wa kumi hasomewi jina.