Picha ya Mtu Aliyelala

Mwezi uliopita alitujia ofisini kijana mmoja, karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, amebeba bahasha yenye picha 40. Kupiga picha si kazi yake, wala hapati senti moja kwayo. Kila Jumapili, baada ya misa ya kwanza, maduka yakiwa bado yamefungwa, hutembea kwa miguu toka Kivukoni mpaka Kariakoo na kamera aliyoinunua imekwisha tumika, akitafuta mahali ambapo watu wengine hawapatazami: ngazi za nyumba za zamani za Kisutu, vichochoro vya nyuma ya maduka, mabati yenye kutu karibu na reli, madirisha ya mbao yaliyobaki na bawaba moja. Alituomba tuchape chache katika gazeti hili.

Twakiri kwamba tulizitazama kwa furaha, nasi tulijifunza jambo. Watu wengi hudhani kuwa picha nzuri huletwa na chombo kizuri. La hasha. Jua la Dar es Salaam ni adui wa mpiga picha tangu saa tatu asubuhi. Huzipiga kuta nyeupe mpaka zikapofusha macho, na papo hapo baraza hugeuka giza tupu. Kijana akipima mwanga kwa kuufuata ukuta, aliyeketi barazani atapotea. Akimfuata aliyeketi barazani, ukuta utateketea kwa weupe. Kwa hiyo ana saa mbili tu za asubuhi, na nyingine chache za jioni. Tena vichochoro ni vyembamba, hawezi kurudi nyuma hata aipate nyumba nzima. Sharti achague: ama mlango, ama paa. Alituambia kwamba mwaka wa kwanza alipiga kila kitu na hakurudi na kitu.

Katika picha hizo 40, moja iliwashinda wenzake. Ni ya mtu mzima, mvuta mkokoteni, amelala juu ya mkokoteni wake chini ya roshani ya nyumba kuukuu. Kinywa kimeachama. Mguu mmoja waning'inia, na kandambili imeanguka chini. Juu yake, katika chokaa iliyomenyeka, lasomeka jina la mwenye nyumba wa kwanza na mwaka aliojenga, kama ilivyo desturi ya majumba mengi ya Wahindi ya mtaa ule. Mwanga wa asubuhi umempata begani tu. Hatujaona siku nyingi picha iliyotunyamazisha namna ile.

Tukamwuliza: "Je, mtu huyu ajua kwamba umempiga?" Akajibu: "Padre, alikuwa amelala."

Ndilo jambo tulilotaka kuliandika leo. Je, ni haki kumpiga picha mtu asiyejua, katika hali asiyoichagua, na kuitoa picha hiyo mbele ya watu, hata kama ni nzuri? Na je, ni haki kuyafanya machakavu ya nyumba ya jirani kuwa urembo wa ukuta wetu?

Kijana hakukosa hoja, wala hatutaki kumdogosha. Kwanza alisema: njia ni ya watu wote, na macho hayana pazia. Pili alisema neno zito zaidi: "Watu mia walipita pale asubuhi ile, hata mmoja hakumtazama. Mimi nilimtazama." Hoja hii ya pili ilitukalisha kimya. Ni kweli kwamba katika mji mkubwa maskini hafi kwa kutazamwa mno. Hufa kwa kutotazamwa. Anayesimama na kutazama, huyo amekwisha fanya jambo ambalo sisi tuliopita mbio hatukulifanya.

Lakini hoja ya kwanza hatuikubali. Ni kweli macho hayana pazia, ila macho yana uso. Nikikutazama nawe wanitazama. Waweza kukunja uso, waweza kunisalimu, waweza kuniuliza natafuta nini. Tena jicho husahau. Kamera haisahau, nayo hubeba mbali. Aliyelala mtaa wa Mkunguni saa moja asubuhi aweza kuonekana saa mbili na mwanawe aliye shuleni Singida, katika simu ya mwenzake wa darasani. Njia ni ya watu wote, kweli. Lakini usingizi wa mtu je, nao ni wa watu wote?

Waswahili wa siku hizi humwita mtu afanyaye jambo kwa mapenzi tu, bila ujira, kuwa ni wa ridhaa. Twasikia habari za ngumi za ridhaa, na vivyo hivyo kijana wetu ni mpiga picha wa ridhaa. Neno ni zuri. Ila ridhaa ni kukubali kwa moyo, na katika picha kuna mioyo miwili. Wa mpigaji twaujua umeridhia. Wa mpigwaji je? Lugha yetu yenyewe yasema kwamba picha hupigwa, na apigwaye ni mtu.

Sheria ya nchi haitusaidii sana hapa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 humlinda aliyeifanya picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kuwafikiria na wale ambao habari zao huchukuliwa, nalo ni jambo jema. Lakini mvuta mkokoteni hatakwenda mahakamani. Haki yake imo mikononi mwa yule mwenye kamera, na mikononi mwetu sisi wenye mtambo wa kuchapa.

Mwanafalsafa Plato, katika kitabu chake kiitwacho Republic, amesimulia habari za mtu mmoja jina lake Leontius. Siku moja alikuwa akipanda kutoka Piraeus, bandari ya Athene, akaona maiti za watu waliouawa kwa hukumu zimelala chini ya ukuta. Akatamani kutazama, na hapo hapo akajichukia kwa kutamani. Akafunika uso, akashindana na nafsi yake kwa muda, na mwisho akashindwa, akakimbilia pale, akayatoa macho na kuyalaani akiyaambia yashibe maonyesho yale mazuri. Hadithi ni ya zamani sana, lakini Leontius yu hai, naye anayo simu. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilipoanguka Kariakoo na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha, walikuwapo waliochimba kifusi kwa mikono, na walikuwapo walioinua simu juu ya vichwa vya wachimbaji. Hatusemi wote walioinua simu walikuwa waovu. Twasema kwamba jicho lina njaa yake, na njaa hiyo haiulizi aliyelazwa mbele yake ni nani.

Tuje sasa kwenye nyumba, maana kijana alidhani kwamba kwa upande huo hana kosa: ukuta hauna haya. Kumbe hapo ndipo alipofundishwa, wala si na sisi. Alitusimulia kwamba Jumapili moja aliingia katika nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, zile za vyumba sita na ukumbi katikati, na ua nyuma. Zimebaki chache, zimebanwa na maghorofa kila upande. Akamkuta bibi mmoja anafagia. Akamwambia, "Shikamoo bibi." Akajibiwa, "Marahaba mjukuu wangu, karibu." Akaomba ruhusa, akapewa. Akaelekeza kamera ukutani, penye ufa mrefu unaoshuka toka darini mpaka sakafuni kama mto katika ramani. Bibi akamtazama kwa muda, kisha akasema: "Mjukuu wangu, watu wakija na mashine hizo wote wanaupenda huo ufa. Mlango nilioupaka rangi Idi hii hamuuoni?"

Sisi twaona kwamba maneno ya bibi yule yana uzito kuliko mengi tuliyofundishwa seminarini juu ya uzuri. Mahali tunapopaita pameachwa, pameachwa na nani? Gofu ni nyumba isiyo na mtu, na mahame ni mji uliohamwa. Ukienda Kilwa Kisiwani au Songo Mnara, piga utakavyo; wenyewe walikwisha ondoka zamani. Lakini Kisutu na Kariakoo hakuna gofu. Juu ya kila ngazi iliyovunjika kuna mwanamke anayeipanda na ndoo ya maji. Picha inayoonyesha ufa na kuuficha mlango haidanganyi kwa neno lolote, hata hivyo inasema uongo: yasema kwamba hapa hakuna anayejali, na hali yupo anayefagia.

Tena mpiga picha apendaye machakavu yampasa ajue yametoka wapi, asije akayadhani ni kazi ya mvua na wakati tu. Majumba mengi ya katikati ya mji yalitwaliwa kwa sheria ya mwaka 1971, iliyochukua majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Walioyajenga hawakuwa nayo tena, waliopanga hawakuwa wenye nyumba, na chokaa haijui siasa, isipopakwa humenyeka. Na kwa upande wa kuyahifadhi, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baadaye hungoja yatangazwe. Basi Sultani Majid aliuanza mji huu katika miaka ile ile ya 1860, na hata Boma la Kale lililo mbele ya bandari ni la mwaka 1866 na 1867. Karibu mji mzima umezaliwa kwa kuchelewa kidogo! Nyumba nyingi zimevunjwa usiku na kuzungushiwa mabati asubuhi, na zilichobaki nazo ni picha za watu wa ridhaa kama kijana huyu. Kwa hiyo hatumwambii aiweke kamera chini. Soko la Kariakoo lenyewe, alilolichora Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lenye paa la miavuli ya zege ya kukinga maji ya mvua, liliungua mwezi wa Julai 2021. Na waliolipiga picha kabla ya moto, hata kwa kujifurahisha, wametuwekea akiba.

Lakini ufa nao una neno lake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpiga picha ndiye mtu aliyeutazama ufa kwa makini kuliko diwani, kuliko mwenye nyumba, kuliko mpangaji aliyekwisha uzoea. Ghorofa lililoanguka katikati ya mji tarehe 29 Machi 2013 liliua watu 36. Hatusemi kwamba picha ingaliwaokoa. Twasema tu kwamba aonaye nguzo imepasuka, akaona mstari mzuri, akaenda zake nyumbani, ameona nusu. Amwonyeshe mtu anayeweza kufanya jambo.

Na tukiwa Kariakoo, yafaa kukumbuka jina hilo limetoka wapi. Mwaka 1916 Waingereza walipouteka mji huu, waliliweka hapo kambi ya wapagazi wao wa vita, Carrier Corps, nalo jina likageuka vinywani mwa watu mpaka likawa Kariakoo. Wapagazi walikufa makumi ya maelfu katika vita ile, kwa njaa na kwa kuhara kuliko kwa risasi. Walipigwa picha. Picha zao zimehifadhiwa Ulaya, zimetunzwa vizuri kabisa, na chini yake mara nyingi pameandikwa neno moja tu: wapagazi. Huyu alikuwa baba wa nani? Kijiji gani kilimngoja? Aliyepiga alikuwa na muda wa kupima mwanga, hakuwa na muda wa kuuliza jina. Na mvuta mkokoteni wa leo, abebaye mizigo ya watu katika mtaa wenye jina la wabeba mizigo, tumchape naye bila jina?

Tulimwambia kijana kwamba hatutaichapa mpaka amtafute mtu yule, amwonyeshe, amwulize. Alikasirika kidogo. Alisema kwamba akiamshwa, picha itakufa. Atajisimamisha wima kama askari na kuvuta shati. Ni kweli, nasi hatuna jibu la kumtoshea msanii. Huenda sheria hii yetu itawanyima wasomaji picha nyingi nzuri, na wako wahariri wenye busara wasiokubaliana nasi. Lakini kama uzuri wa picha wategemea mtu asiamke, sisi twaona afadhali picha ife.

Katika ukurasa wa tatu wa toleo hili mtauona mlango wa bibi yule, wa buluu, na yeye mwenyewe amesimama kando yake na ufagio. Jina lake limo chini, kama alivyotaka liandikwe. Ufa waonekana pia, upande wa kushoto, hakuukataza.

Kuhusu mvuta mkokoteni, kijana amekwenda Jumapili tatu pale chini ya roshani. Mara ya kwanza hakumkuta mtu. Mara ya pili wenzake walimwambia kwamba amekwenda kwao kulima. Mara ya tatu hapakuwa na roshani. Palikuwa na mabati mapya na mlinzi aliyemkataza kupiga. Picha imo katika saraka ya meza yetu.