Dhima ya Mtungaji wa Muziki wa Askari

Je, mtungaji wa muziki wa askari ana sehemu katika matendo ya silaha? Tarumbeta haiui mtu. Lakini huipa miguu ya wengi hatua moja, na moyo mzito huupa wepesi wa kwenda. Basi mtungaji hawezi kudai kuwa mikono yake haina kitu.

Walakini sauti haifungwi kambini. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa Lamu na Mombasa waliisikia bendi ya wageni, wakaigeuza ngoma, wakaiita beni. Vyama vya Marini na Arinoti viliichukua Tanganyika, na vita vya 1914–1918 vikaieneza bara. Gwaride na vyeo vilibaki. Mashindano yakawa ya mavazi na madaha, si ya risasi.

Vitu hubadili kazi. Lutindi, katika milima ya Usambara, nyumba iliyofunguliwa 1896 kwa watoto waliookolewa utumwani baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Lakini hisani ya mrithi si kafara ya mwasisi. Sifa ya beni ni ya walioicheza; mtungaji atajibu kwa alilokusudia.