Upole Unaojulikana (Wafilipi 4:5)

Paulo anawataka Wafilipi wawe wapole, na anataka upole huo ufahamike kwa kila mtu. Waumini wengi wa Nyeri, Karatina na Othaya tumeshika sehemu ya kwanza ya agizo hilo tukaiacha ya pili. Tu watu wa kiasi: Jumapili ibadani, Jumatatu shambani au dukani, na hatumkeshezi jirani kwa vipaza sauti. Lakini kiasi hicho kimefungiwa ndani ya kuta za kanisa. Mwaka 2023, makaburi ya dhehebu la kufunga hadi kufa huko Shakahola yalipofukuliwa na miili zaidi ya 400 ikatolewa, jibu letu lilikuwa fupi: hao si wenzetu. Ni kweli, si wenzetu. Ila kijana ambaye hajawahi kutuona tukifanya lolote atatutofautishaje nao, au na mhubiri anayemwachia mwanasiasa madhabahu kwa ajili ya bahasha?

Kwamba watu huhukumu imani kwa wanachokiona, historia ya eneo hili la Mlima Kenya inashuhudia. Enzi za ukoloni Wagikuyu walisema gutiri muthungu na mubia, yaani mzungu na padri ni wale wale. Hawakusema bure; waliona ardhi ikichukuliwa, na mmisionari akiketi meza moja na mchukuaji. Mwaka 1929 mzozo wa tohara ya wasichana ukaongeza ufa, wengi wakahama shule za misheni na kujenga zao. Katika miaka hiyohiyo, huko Gikondi, Mukurwe-ini, Sista Irene Stefani wa shirika la Consolata alikuwa akipanda na kushuka vilima kwa miguu, akiuguza wagonjwa, akiwaandikia wazazi barua za kuwapelekea wana wao waliokwenda mbali kutafuta kazi. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930 kwa tauni, baada ya kumhudumia mgonjwa. Naye alikuwa mzungu. Hata hivyo watu wenye msemo ule ndio waliompa jina Nyaatha, mama wa huruma, muda mrefu kabla Kanisa halijamtangaza mwenye heri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015.

Yupo atakayesema Bwana ametukataza kutenda wema ili tutazamwe (Mathayo 6:1). Alichokataza ni kutafuta sifa. Katika mahubiri hayohayo, sura moja nyuma, anakataa taa ifunikwe. Pingamizi la pili ni zito zaidi: je, kiasi si uvuguvugu ule wa Laodikia, unaotapikwa? Mara nyingine ndiyo, na ni lazima tulikubali. Lakini tuwakumbuke wanauamsho wa Kikristo wa miaka ya 1950. Walikataa kiapo cha Mau Mau, na wengi wao wakakataa pia kubeba bunduki za serikali ya kikoloni. Pande zote mbili ziliwashuku; baadhi yao waliuawa. Kukataa kuua, huku ukijua unaweza kuuawa, si uvuguvugu hata kidogo. Paulo mwenyewe aliandika agizo lake la upole akiwa kifungoni, na katika sura ya kwanza anasema hata askari wa jumba walikuwa wamejua amefungwa kwa ajili ya nani.

Tuone pia agizo hili limekaa wapi katika barua. Mistari michache tu kabla yake, Paulo anawasihi Euodia na Sintike wapatane. Upole wa kujulikana na wote unaanzia basi kwenye ugomvi wa nyumbani: kamati ya kanisa, hesabu za harambee, nani ashike kipaza sauti. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwazuia wanasiasa kuhutubu katika makanisa ya Kianglikana. Tamko hutolewa mara moja na askofu. Kulitekeleza ni kazi ya wazee wa kanisa na akina mama wa kila parokia, Jumapili ile ambayo msafara wa magari umeshaingia uwanjani, mheshimiwa amekuja na mchango wake, na paa la kanisa bado halijaezekwa.