Kubofya “Nakubali” ni Ridhaa?

Ndugu zangu katika imani, tukifungua tovuti ya habari tunaulizwa kama tunakubali vidakuzi, vile vinavyokumbuka tulichosoma. Tunabofya “nakubali” ili tusome. Je, hiyo ni ridhaa? Mimi naona siyo. Katika fiqhi ya biashara, gharar ikizidi, mtu asijue anatoa nini, mkataba huharibika. Nasi hatujui kuwa habari tuliyoifungua, hata ya ugonjwa tunaowaficha mama zetu, yaweza kufika kwa watangazaji tusiowajua. Sheria ya Uganda ya kulinda data, ya 2019, inadai idhini yetu. Surat al-Hujurat, aya ya 12, ilishakataza kupelelezana. Najua, waandishi nao wanahitaji mishahara. Basi watuuzie habari kwa shilingi, bei tuione, tulipe au tukatae.